Kimya Changu cha Siku Kumi na Tisa

Hosteli ya Wanafunzi, Chumba Na. 214,
Montpellier, Ufaransa.
Jumapili, 20 Oktoba 2024.

Mpendwa Kaka Bushiri,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, Kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, duka limefunguliwa na mizani haijaharibika tena. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia bado unanyanyua magunia mwenyewe wakati vijana wa kushusha wamekaa pale nje wanakunywa chai. Wifi hajambo? Watoto wanasoma? Na mvua je, zimeshaigusa Mwanjelwa, au bado mnakula vumbi? Huku kwetu majani yanageuka rangi na asubuhi kuna baridi ya kama Makambako mwezi wa sita. Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillah. Moyo nitauzungumza huko chini.

Usishangae kuona karatasi. Tangu tarehe 12 nimekupigia mara nne. Mara ya kwanza ulikuwa unaingia msikitini. Mara ya pili ulikuwa njiani kwenda Mbalizi. Mara ya tatu ukampa Wifi simu, naye akaniuliza habari za baridi. Mara ya nne ukaniambia, "Hanifa, mdogo wangu, haya si mambo ya kuzungumza kwenye simu." Sawa, Kaka. Nimekubali. Ila swali lenyewe ulinitumia kwenye simu.

Kwa hiyo nimeandika. Posa ilikuja kwa barua, mkajibu kwa barua, na mimi ninajibu kwa barua. Anayekuletea ni Alinanuswe, kijana wa Tukuyu anayesomea shahada ya uzamivu hapa chuoni kwetu. Anatua Songwe Jumatano tarehe 30, na nimemwambia asimkabidhi mtu mwingine yeyote, hata Wifi. Utamsainia kwenye daftari lake kama unavyosaini mzigo ukishuka. Usimkasirikie, anafanya nilichomwagiza. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mzigo usio na saini haukufika.

Neno lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 9 Novemba mmepanga kupokea mahari yangu kutoka kwa Nasri. Mimi sikuridhia. Nakuomba urudi usome tena mstari huo kabla hujaendelea.

Jibu mliloliandika nimeliona. Binti yako Waridi alinipigia picha, na usimguse mtoto huyo, nilimbana mpaka akalia. Mmeandika: "Binti yetu Hanifa ameulizwa, na kwa kimya chake ameridhia. Atarejea nyumbani mwezi Januari, inshallah." Sentensi mbili, Kaka, na ndani yake kuna mambo matatu yasiyo ya kweli. Sikuulizwa. Sikuridhia. Na Januari sirudi, kwa sababu masomo yangu yanakwisha mwezi wa tisa mwakani, na anayeondoka katikati haondoki na nusu ya shahada. Anaondoka mikono mitupu na nafasi anapewa mwingine. Barua ile ni lumbesa. Mmejaza juu kitu ambacho ndani ya gunia hakimo.

Waridi ananiambia kwamba kikaoni Mshindo, kule Iringa, nyumbani kwa Shangazi Shufaa, swali lilikuwa moja tu: mbona Hanifa hajajibu wiki mbili? Na Baba Mdogo Habibu akajipangusa ndevu akasema, "Kimya cha mwali ndiyo idhini yake. Sheria imekwisha sema, tusichoshane." Mkasoma dua, mkala.

Basi nitakuhesabia kimya changu siku kwa siku, uone kilikuwa na nini ndani. Kimya hiki mmekifanyia kazi bila kukifungua.

Jumatatu tarehe 23 Septemba tulikwenda shambani, sehemu inayoitwa Camargue, karibu na bahari. Ndiyo, Kaka, Wafaransa wanalima mpunga. Mara ya kwanza nilipoyaona yale majaruba nilisimama nikashindwa kushuka kwenye gari, maana ilikuwa kama mashamba ya Ubaruku, ila ukageuka nyuma unaona farasi weupe badala ya ng'ombe wa wale wafugaji akina Budeba. Tulipelekwa wanafunzi wanane kwa kazi ya mavuno, na mmoja wao ni Faustina, Mhehe wa Kilolo, ambaye nilikueleza habari zake mwaka jana. Saa tisa na dakika arobaini mchana nilikuwa nimeinama mferejini nachota maji ya kupimia chumvi. Simu ikatoka mfukoni mwa koti, ikazama.

Faustina alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. "We mwana wa Mwanjelwa, mpunga umekusomesha, mpunga umekupandisha ndege, leo umedai simu yako." Bi Odile mwenye shamba, mama wa miaka sitini na moja, aliichukua akaizika kwenye ndoo ya mchele siku tatu. Kumbe imani hiyo hata wao wanayo. Mchele haukutibu kitu. Nimekaa na mchele miaka yote hiyo, ningeweza kumwambia.

Sasa sikiliza saa. Saa tisa na dakika arobaini ya huku, kwa mwezi ule, ni saa kumi na dakika arobaini ya kwenu. Ujumbe wako wa sauti ulioniuliza habari ya Nasri uliutuma siku hiyohiyo, saa mbili na dakika kumi usiku. Wakati unabonyeza kutuma, simu yangu ilikuwa imekwisha kuwa maiti kwa saa tatu na nusu. Waridi alinitumia picha ya simu yako pia, aliyoipiga siku ya kikao. Kuna tiki moja, Kaka. Tiki moja siku ya kwanza, tiki moja siku ya saba, tiki moja siku ile mnakaa kikao. Wewe mteja akikutumia hela ukaona ujumbe haujaingia, unamfungulia stoo? Humfungulii. Unamwambia asubiri. Lakini mdogo wako ulimtoa kwa tiki moja.

Kule shambani tulilala kwenye nyumba za magurudumu, watu wawiliwawili. Duka la karibu lilikuwa kilomita kumi na moja na mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka na upepo. Tulikuwa tunaamka saa kumi na mbili kasorobo, mimi naswali, Faustina anachemsha chai, na saa moja na nusu tupo jarubani. Kazi yangu ilikuwa kufuata kombaini na kuchukua sampuli za mpunga, kupima unyevu, kuandika. Sampuli thelathini na sita kwa siku. Kwa siku kumi na saba za kazi hizo ni mia sita na kumi na mbili, zote zipo kwenye daftari langu, na kila moja ina tarehe na saa. Mbu wa kule, usiombe. Mbu wa Usangu ni watu wa adabu.

Kuna jambo moja lilinifurahisha na nitakusimulia hata kama nimekasirika. Siku ya nne Bi Odile alikuwa amesimama na mashine yake ya kupima unyevu, nami nikachukua punje tatu nikazing'ata kama tunavyong'ata kule Chimala kabla ya kununua. Nikasema asilimia kumi na nne. Wenzangu wakaangua kicheko. Mashine ikasoma kumi na tatu nukta tisa. Tukarudia mara sita, nikapata tano. Kuanzia hapo mama yule akawa ananifuata jarubani na punje kiganjani. "Mama Mpunga, ng'ata." Hawaingizi ghalani punje ambayo haijapimwa, Kaka. Mzigo uliozidi unyevu hata kwa asilimia moja tu wanaurudisha kukaushwa, maana wanajua ukiingiza hivyohivyo utaozesha ghala zima. Nilipokuja kusikia yenu, jambo hilo ndilo lililonichoma. Huku punje inaulizwa. Kwetu mimi nimeingizwa.

Siku ya tatu, Jumatano tarehe 25, niliomba kompyuta ya ofisi ya shamba nikakuandikia baruapepe. Ile anwani niliyokufungulia mwenyewe ulipokuwa unahuisha leseni. Niliandika: Kaka, simu imezama, niko shambani mpaka tarehe 11, nitafute kwa namba ya Faustina hii hapa. Nenda kaifungue leo, utaikuta. Kama umesahau neno la siri, ni jina la Mama na mwaka aliozaliwa.

Siku ya tisa nilikupigia kwa simu ya Faustina. Siku ya kumi na moja nikakupigia tena. Utauliza kwa nini sikumpigia Mama au Waridi. Kwa sababu namba zao zote zilizama. Namba ninayoijua kwa kichwa duniani ni moja tu, yako, kwa kuwa niliichora kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu, kwenye ubao wa duka, na miaka sita nimekaa chini yake nikiuza. Nikapiga hiyo. Ikaita mpaka ikakata, mara mbili. Najua kwa nini. Namba ya nje hupokei, unasema ni matapeli. Kwa hiyo niliyekuwa nabisha hodi ni mimi, na aliyekaa kimya ni wewe.

Jumapili tarehe 6 Oktoba ilikuwa siku yetu ya mapumziko. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafanya nini saa ile mmekaa Mshindo, baada ya alasiri. Nilikuwa nafua. Nilifua suruali mbili na kanga ya njano, upepo wa kule ukaichukua kanga ukaipeleka jarubani, nikaikimbilia mguu peku huku Faustina ananipigia makofi. Hicho ndicho nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nacheka. Hakuna kitu kifuani mwangu kilichoniambia kwamba watu kumi na mmoja wamekaa Iringa wananitafsiri.

Nilirudi mjini Ijumaa tarehe 11. Siku kumi na tisa kamili. Jioni ile nikanunua simu iliyotumika, nikachomeka laini, ikaanza kutetemeka mezani kama mashine ya kukoboa. Ujumbe mia mbili na kumi na nne. Wa kwanza niliousoma ni wa Severina, yule jirani yetu wa mtaa wa Soweto anayeuza vitenge: "Hongera bi harusi! Umetuficha eeh!" Nikadhani amekosea mtu. Nikafungua wa pili, hongera. Wa tatu, hongera. Mwingine ananiuliza sare ni rangi gani ili awahi kushona. Nimehesabu, watu thelathini na mmoja walijua ninaolewa kabla yangu. Nilikaa chini kwenye sakafu, maana chumba changu ni mita tisa za mraba na kiti kilikuwa na begi.

Ujumbe wako ulikuwa wa kumi na sita. Una dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Nimeusikiliza na saa mkononi. Dakika moja na nusu ni mchele wa Kyela ulivyopanda. Dakika nzima ni bati la stoo linavuja. Kisha unasema, "Halafu kuna jambo la Nasri, yule wa vipuri Mbalizi, ameleta barua jana, ni mtu mwema, mimi naona ni heri, wewe unaonaje." Sekunde ishirini na mbili. Zilizobaki umenikumbusha nisiache kunywa maji. Kaka, nguo ya mtu haichaguliwi kwa sekunde ishirini na mbili.

Sasa niseme lile ambalo sote tunalizunguka.

Baba Mdogo Habibu alisema kimya cha mwali. Nani mwali? Mimi niliolewa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikakaa Chimala miezi saba, nikapewa talaka nikarudi. Mle ndani mlikuwa watu kumi na mmoja, na tisa kati yenu mlikula pilau ya harusi yangu. Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyesimamia jikoni akilalamika nyama ni chache. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo akasema, jamani, huyu si mwali. Miaka kumi na moja sasa mnaifunika ile miezi saba kama sufuria lililoungua. Nilikubali mfiche, nikidhani mnanilinda. Leo mmeutumia ule uficho kunifunga.

Ijumaa iliyopita nilikwenda msikiti ulio karibu na chuo, nikaomba kuonana na wazee wawili. Mmoja ni Mmoroko, mwingine Mkomoro, na huyu wa pili Kiswahili chake na changu vinaelewana tukienda polepole. Nikamweleza yote. Akauliza jambo moja tu, "Binti, uliwahi kuolewa?" Nikasema ndiyo. Akamgeukia mwenzake, wakasemezana, wakatikisa vichwa. Akasema, "Wewe kimya chako si kitu. Wewe ni mpaka utamke. Hilo hata mtoto wa madrasa wa kwetu analijua." Kisha akaniuliza taratibu, "Kwani huna kaka?" Nikamwambia ninaye. Nikaona aibu, Kaka, kwa niaba yako, mbele ya mtu asiyekujua.

Na Mama. Waridi anasema Mama alikaa pembeni na tasbihi yake, hakusema neno tangu mwanzo mpaka mwisho. Mmekihesabu na kimya cha Mama kuwa ni ndiyo? Mama akikubali jambo huwa anaimba jikoni. Mwulize Waridi kama siku ile aliimba.

Usidhani namchukia Nasri. Nimefanya naye biashara. Nilinunua kwake mkanda wa mashine, ukakatika siku ya pili, akanibadilishia bila kunung'unika na akaomba radhi mbele ya wateja. Mwanaume wa namna hiyo si wengi. Na nikuambie ukweli wa ndani, angeniuliza mwenyewe, na angekubali kungoja nimalize, sijui ningejibu nini. Labda nisingesema hapana. Hicho ndicho mlichonipokonya. Jibu lilikuwa langu, hata kama lingekuwa lilelile lenu.

Hiyo Januari mliyomwandikia, mliitoa wapi? Nani aliwaambia? Ulikuwepo nilipoanza na debe mbili za mchele kwenye turubai, nje ya duka la mtu mwingine, mwezi mmoja baada ya talaka. Uliona debe mbili zikawa gunia, gunia likawa mzigo wa fuso kutoka Igurusi, mzigo ukanilipia diploma, diploma ikanipeleka chuo, na chuo kikanileta huku kwa alama zangu. Hakuna aliyenibeba. Nimebakiza miezi kumi na moja. Nikimaliza nitakuja kujenga ghala la kukaushia mpunga, ili wakulima wa Mbarali wasilazimike kuuza mavuno yakiwa mabichi kwa bei ya kutupa. Mchoro upo. Nimeuandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nikirudi Januari, narudi na mchoro tu.

Maisha ya huku si sukari, usije ukadhani nang'ang'ania starehe. Napika maharage Jumapili nayala mpaka Alhamisi. Ugali nasonga kwa unga wa mahindi wa Kiitaliano, wa njano, haushiki vizuri, Faustina anasema unafaa kuzibia ufa. Kila jambo lina fomu, na kila fomu inadai fomu nyingine kabla yake. Darasani mwalimu akizungumza haraka nabaki nyuma sentensi mbili, kwa hiyo narekodi, na jioni nasikiliza mara tatu. Somo la saa moja kwangu ni saa nne. Nimefaulu masomo saba kati ya manane. La nane narudia Desemba. Kama ningetaka kukimbia, ningekuwa nimeshakimbia Februari mwaka huu, pale nilipougua mafua wiki mbili na hakuna aliyenigongea mlango.

Sikukasirika kwa sababu umenitakia mume. Nimekasirika kwa sababu ni wewe.

Unakumbuka siku uliyokuja kunichukua Chimala? Nilikuwa nimekaa juu ya godoro langu kando ya barabara, mvua inanyesha, watu wa sokoni wananitazama. Ukafika na pikipiki. Hukuuliza kitu. Ulifunga lile godoro nyuma kwa kamba ya katani, ukanipa koti lako, tukaondoka. Igurusi ukasimama, ukaninunulia chai na chapati mbili, ukanitazama mpaka nikamaliza zote. Kisha tukapanda tena. Kilomita zaidi ya sabini, hukusema neno hata moja, na mimi nyuma yako nilikuwa nalia kwenye mgongo wako, na nilijua kwa hakika kwamba kuna mtu mmoja duniani anayeniona. Kile nacho kilikuwa kimya. Kwa hiyo najua kimya kina maana nyingi, Kaka. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ndiyo maana sikutegemea kwamba siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayekisoma vibaya.

Ninalotaka ni dogo, na linawezekana. Mahari ya tarehe 9 isipokelewe. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, nimeikunja mara nne. Hiyo ndiyo yenye jibu langu kwa posa ya Nasri, na imesainiwa na mimi pamoja na wale wazee wawili wa msikiti. Inasema hapana kwa ndoa ya Januari. Inamshukuru kwa heshima. Inasema pia kwamba nikirudi Septemba, nikiwa na cheti changu mkononi, akitaka aniulize mwenyewe, na nitamjibu kwa mdomo wangu. Simu yangu sasa inaleta tiki mbili.

Karatasi hiyo naomba uisome wewe, kwa sauti, Mshindo, mbele ya watu walewale kumi na mmoja. Usimpe Baba Mdogo, ataifupisha. Ukifika mahali nilipoandika "mimi niliyewahi kuolewa", usiruke. Nasri naye nenda kamwambie uso kwa uso Mbalizi kabla hajanunua chochote, maana yeye hana kosa na asije akaaibika kwa ajili yetu. Najua utaona haya. Bora haya ya asubuhi moja.

Nisalimie Wifi, mwambie baridi ipo, na viatu alivyonipa ndivyo vinavyoniokoa. Nisalimie Shangazi Shufaa, mwambie sina neno naye, ila kazi ya kuniuliza ilikuwa yake tangu zamani, na angenitafuta hata kwa ishara ya moshi. Baba Mdogo Habibu mpe salamu zake kamili, za heshima, bila kupunguza. Ezekia wa mashine ya kukoboa mwambie akaze ule mkanda, unapiga kelele hata kwenye ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Waridi mbusu, na umnunulie daftari jipya, anasema lile limeisha. Mama mshike mkono, umwambie niko salama, nakula, na sikukaa kimya.

Allah akujalie afya, akuzidishie riziki ya halali, na akupe kifua cha kusema jambo zito mbele ya watu wazima.

Sasa la mwisho, kisha nikuache ufungue duka. Barua hii utakuwa umeisainia Jumatano tarehe 30, kwa hiyo safari hii hakuna wa kusema haikufika. Nakupa siku saba, mpaka Jumatano tarehe 6 Novemba, magharibi ya kwenu. Simu yangu itakuwa imewashwa na imechajiwa. Ukiwa na neno la kupinga, nipigie, nitapokea, hata ukipiga kwa namba nisiyoijua. Na kama magharibi ikipita sijasikia kitu kutoka kwako, nitafuata kanuni mliyoipitisha wenyewe Mshindo: nitahesabu kwamba umeulizwa, na kwa kimya chako umeridhia.

Mdogo wako, anayekupenda tangu siku ya lile godoro,

Hanifa